Upelelezi Hauanzi na Bunduki

Barabara ya Ggaba huanzia ufukoni mwa Ziwa Viktoria, hupita Bunga, hupanda Kansanga, huteremka Kabalagala na kufika Nsambya kabla ya kuingia katikati ya jiji la Kampala. Mtu anayesimama Kansanga yuko kati ya vilima viwili ambavyo kila askari wa Uganda anavijua. Kwa upande mmoja kipo Makindye, penye kambi ya polisi wa jeshi. Mbele kidogo, kwa njia ya kuelekea mjini, kipo Kibuli, yaliko makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai. Kilima kimoja ni cha bunduki na kingine ni cha faili. Historia ya makosa makubwa ambayo watendaji wake hawakupatikana nchini Uganda ni, kwa sehemu kubwa, historia ya uhusiano wa vilima hivyo viwili.

Kila yanapotokea mauaji ya kutisha, kauli mbili husikika haraka. Ya kwanza ni kwamba polisi hawana watu, magari wala maabara za kutosha. Ya pili ni kwamba kazi hiyo ikabidhiwe jeshi, kwa kuwa jeshi halibabaiki. Kauli ya kwanza ina ukweli mwingi. Ya pili imekwisha kujaribiwa zaidi ya mara moja, na matokeo yake yanajulikana. Hivyo basi, ni wajibu wa kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, kujua nini kilitendeka na kwa nini.

Polisi wa Uganda walitokana na kikosi cha ulinzi chenye silaha kilichoundwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1906 kikaanzishwa Kikosi cha Polisi chenyewe. Lengo la mkoloni halikuwa kumtafutia mwananchi wa kawaida mwizi wa ng'ombe wake. Lengo lilikuwa kulinda utawala, kodi na miji. Vijijini kazi ya kukamata wahalifu iliachiwa machifu na askari wao. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, taifa lilirithi polisi wenye nidhamu ya gwaride na ustadi wa kuandika, lakini wachache na wenye mazoea ya kuwatazama raia kwa mbali. Mwaka 1964 Erinayo Oryema akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali, na matumaini yakawa makubwa.

Katika miaka hiyo ya 1960 lilizuka janga la majambazi wenye silaha, ambao Waganda waliwaita makondo. Mwaka 1968 Bunge lilifanya adhabu ya kifo kuwa ya lazima kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Adhabu ikawa kali, lakini makondo hawakuisha. Adhabu humtisha yule tu anayeamini kwamba atakamatwa. Mhalifu anayejua kwamba faili lake litalala kabatini haogopi maneno yaliyoandikwa katika sheria.

Ndipo yalipokuja mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971. Utawala wa Idi Amin uliahidi kuwamaliza makondo, na wananchi wengi wakashangilia. Amri ya mwaka 1971 ikawapa wanajeshi uwezo wa kumkamata raia. Kikaundwa Kikosi cha Usalama wa Raia huko Naguru, na mwaka 1972 ikatoka amri iliyowaruhusu askari kutumia nguvu yoyote dhidi ya mtu anayeshukiwa kwa unyang'anyi akijaribu kukimbia. Kwa lugha nyepesi, shuku ilichukua nafasi ya ushahidi. Mpelelezi aliyekuwa akikusanya maelezo, akipima nyayo na kuhoji majirani akawa hana kazi, kwa sababu mtu aliyekwisha kupigwa risasi hahitaji faili.

Matokeo hayakukawia. Mwezi Julai 1971 Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mhadhiri Robert Siedle, walitoweka mjini Mbarara baada ya kuuliza habari za mauaji katika kambi ya jeshi ya Simba. Jaji David Jeffreys Jones aliteuliwa kuchunguza. Alikutana na ukuta wa ukimya kambini. Kilichovunja ukuta huo ni neno la askari mmoja, Luteni Silver Tibihika, aliyekimbilia Tanzania na huko akaeleza yaliyotendeka. Jaji mwenyewe alilazimika kuondoka nchini, na ripoti yake ikawatia hatiani maofisa wa jeshi. Ushahidi ulipatikana, lakini hapakuwa na mkono wa sheria wa kuufuata.

Tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa mchana kutoka katika jengo la Mahakama Kuu ya Kampala. Hakuonekana tena. Kama mkuu wa majaji anaweza kuondolewa mahakamani mbele ya watu, na polisi wasiweze kuandika hata maelezo ya shahidi mmoja, mkazi wa Kansanga aliyepotelewa na mwanawe angekwenda kulia kwa nani?

Kelele za dunia zilipozidi, mwaka 1974 Amin aliunda tume chini ya Jaji Mohamed Saied ili ichunguze watu waliotoweka. Tume hiyo ilisikiliza mashahidi zaidi ya 500 na kuandika habari za watu 308 waliopotea. Ilionyesha kwamba lawama kubwa ilikiangukia kile Kikosi cha Usalama wa Raia pamoja na Idara ya Utafiti ya Taifa iliyokuwa Nakasero. Jambo hili lastahili kufikiriwa sana na askari. Mashahidi walipatikana na majina yaliandikwa. Uchunguzi wenyewe uliwezekana hata katika mazingira hayo. Lakini waliotajwa ndio walioshika bunduki, na ripoti ikazuiwa isiwafikie wananchi.

Mwezi Februari 1977 duara hilo lilifungwa kwa namna ya kusikitisha. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Charles Oboth Ofumbi na Erinayo Oryema. Serikali ilitangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari, na hapakuwa na aliyeamini. Yule aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi wa Uganda, aliyejua kuliko wengi namna kifo cha mashaka kinavyopaswa kuchunguzwa, akafa bila kifo chake kuchunguzwa inavyostahili. Kikosi kilichonyang'anywa kazi yake hakiwezi kumlinda hata aliyewahi kuwa mkuu wake.

Na bado, katika giza hilo, wapo waliolinda taa. Katika Rufaa ya Jinai Namba 9 ya mwaka 1978, Mahakama ya Rufani ya Uganda iliweka wazi namna ya kupima maneno ya shahidi anayedai kwamba alimtambua mhalifu. Mahakama lazima ijiulize: Shahidi alimwona kwa muda gani? Alikuwa umbali gani? Palikuwa na mwanga gani? Je, alikuwa akimfahamu mtu huyo kabla ya siku ile? Kanuni hiyo inatumiwa mahakamani hata leo. Konstebo anayeandika katika daftari lake maswali hayo manne pamoja na majibu yake anakuwa amefanya sehemu kubwa ya upelelezi, bila gari, bila maabara, na kwa gharama ya kalamu moja.

Amin aliangushwa mwezi Aprili 1979, lakini mazoea ya bunduki hayakuanguka naye. Mwaka uleule Kampala ilikumbwa na wimbi la mauaji ya usiku, na madaktari walikuwa miongoni mwa waliouawa. Vita vikaendelea hadi Januari 1986. Serikali mpya ilipowachuja polisi, walibaki kazini wapatao 3,000 tu, kwa nchi nzima. Wengi walikuwa wamepoteza vyombo, kumbukumbu, na lililo kubwa zaidi, heshima mbele ya raia.

Katika hali hiyo, usiku wa kuamkia tarehe 7 Machi 1987, aliuawa Dakta Andrew Kayiira katika nyumba ya mwandishi wa habari huko Konge, katika eneo lilelile la Makindye ambalo Kansanga imo. Kayiira alikuwa amepata kuwa waziri, na wiki chache kabla ya hapo alikuwa ameachiliwa kutoka katika mashitaka ya uhaini. Isitoshe, alikuwa msomi wa elimu ya uhalifu na haki, na aliwahi kuwa ofisa wa magereza. Serikali iliwaita wapelelezi wa Scotland Yard kutoka London. Walikuja na ujuzi ambao Kibuli ya wakati ule haikuwa nao. Hata hivyo kwa miaka mingi ripoti yao haikuwekwa mbele ya wananchi, na kifo hicho kimebaki kuwa jambo la kubishaniwa. Somo lake ni kwamba ustadi unaweza kuazimwa ng'ambo, lakini imani ya raia haiazimwi. Uchunguzi ambao wananchi hawaoni mwisho wake huacha mashaka palepale yalipokuwa, hata kama aliyeufanya ni bingwa.

Polisi walipokuwa wakijengwa upya, upungufu wa fedha ulizaa upungufu wa maadili. Mwaka 1999 iliundwa tume ya Jaji Julia Sebutinde kuchunguza rushwa katika jeshi la polisi, na Idara ya Upelelezi ndiyo iliyotazamwa kwa jicho kali zaidi. Mpelelezi asiye na nauli humwomba mlalamikaji ampe nauli. Leo ni nauli, kesho ni karatasi, keshokutwa ni bei ya faili lenyewe. Mlalamikaji maskini akikosa cha kutoa, kesi hufa, na mwenye hatia hupita barabarani akicheka.

Baada ya tume hiyo uongozi wa polisi ulikabidhiwa majenerali wa jeshi: kwanza Katumba Wamala mwaka 2001, kisha Kale Kayihura kuanzia mwaka 2005 hadi 2018. Mwaka 2002 ujambazi wa silaha ulipozidi mjini Kampala, ilianzishwa Operesheni Wembley chini ya Kanali Elly Kayanja. Ujambazi ulipungua, na haki inadai jambo hilo lisemwe. Lakini washukiwa kadhaa waliuawa bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kikosi kilichozaliwa na operesheni hiyo kilibadilishwa majina, kikalalamikiwa kwa mateso, na mwishowe kikavunjwa mwaka 2011. Mshukiwa aliyekufa hawezi kutaja waliomtuma, wala aliyemuuzia bunduki. Hivyo kila risasi iliyookoa muda iliondoa na shahidi.

Linganisha hayo na yaliyotokea mwaka 2010, karibu sana na Kansanga. Usiku wa tarehe 11 Julai, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Watu 76 walipoteza maisha. Muda mfupi baadaye, katika ukumbi wa dansi huko Makindye, ulipatikana mkoba wenye bomu ambalo halikulipuka, pamoja na simu ya mkononi. Mkoba huo haukuvurugwa. Wapelelezi, wakisaidiwa na wenzao wa nchi nyingine, walifuata nyayo za simu hiyo kutoka namba moja hadi nyingine, na mtandao wa waliohusika ukaanza kufunuka. Tarehe 26 Mei 2016 Mahakama Kuu iliwatia hatiani washitakiwa 8 kati ya 13. Watano walihukumiwa kifungo cha maisha. Watano wengine waliachiliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na hilo nalo ni alama ya kazi iliyopimwa kwa mizani ya sheria.

Kesi hiyo ilidai gharama kubwa. Ikiwa bado inaendelea, tarehe 30 Machi 2015, mwendesha mashitaka mwandamizi Joan Kagezi alipigwa risasi ndani ya gari lake, jioni, pamoja naye wakiwamo watoto wake. Ilichukua miaka 10 hadi mmoja wa walioshitakiwa kukiri kosa na kuhukumiwa, mwaka 2025, kifungo cha miaka 35. Miaka 10 ni mingi, lakini faili lile halikuchomwa wala kusahauliwa. Faili lililotunzwa vizuri lina subira kuliko mhalifu.

Kinyume chake ni yaliyofuata mauaji ya Andrew Felix Kaweesi, ofisa mkuu wa polisi aliyeuawa tarehe 17 Machi 2017. Washukiwa walikamatwa upesi, lakini wengine walifikishwa mahakamani wakiwa na majeraha. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamuru washukiwa 22 walipwe fidia ya shilingi milioni 80 kila mmoja kwa sababu ya mateso. Fedha hizo zingeweza kununua vifaa vingi vya upelelezi. Aidha, Katiba ya mwaka 1995 inakataza mateso bila kuacha mwanya wowote, inataka mshukiwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 48, na sheria ya mwaka 2012 inakataa ushahidi uliopatikana kwa mateso. Anayempiga mshukiwa ili akiri anaharibu kesi yenyewe, na huenda anampa mwuaji wa kweli nafasi ya kwenda zake.

Mwaka huohuo wa 2017 wanawake zaidi ya 20 waliuawa katika maeneo ya Entebbe na Nansana, na majonzi yakaenea. Mwaka uliofuata Serikali ilianza kuweka kamera katika barabara za Kampala, mradi uliogharimu dola za Marekani milioni 126. Kamera ni shahidi asiyeogopa wala kuhongwa. Lakini kamera haigongi mlango wa jirani, wala haimtulizi mama aliyeona jambo asilothubutu kulisema.

Takwimu zinasisitiza hilo. Mwaka 2017 polisi waliandikisha makosa 252,065, na mwaka 2018 makosa 238,746. Mauaji yalikuwa zaidi ya 4,000 katika kila mmoja wa miaka hiyo. Kati ya makosa yote yanayoripotiwa, ni karibu theluthi moja tu yanayofika mahakamani, na yanayoishia kwa mtu kutiwa hatiani ni machache zaidi. Askari wenyewe katika miaka hiyo walikuwa zaidi kidogo ya 40,000 kwa taifa la mamilioni ya watu. Hapana budi idadi na vifaa viongezwe. Lakini ieleweke pia kwamba vifaa peke yake havitoshi. Marekani, yenye maabara na kompyuta zisizo na idadi, ilikuwa ikitatua mauaji zaidi ya 9 katika kila 10 katikati ya miaka ya 1960. Kufikia mwaka 2020 ilikuwa ikitatua zaidi kidogo ya nusu. Na mwaka 1975 wachunguzi wa shirika la RAND la nchi hiyohiyo walionyesha kwamba jambo linaloamua zaidi kama kesi itatatuliwa ni habari anazozitoa mlalamikaji au shahidi kwa askari wa kwanza kufika.

Askari wa kwanza kufika si bingwa kutoka Kibuli. Ni konstebo wa doria, au mwanajeshi aliyekuwa karibu. Fikiria Kansanga ya leo, yenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, mabweni ya wanafunzi, mabaa na waendesha bodaboda wanaokesha. Saa tisa usiku mtu ameanguka kando ya barabara. Mwenye duka amesikia sauti. Mlinzi wa lango ameona pikipiki. Mwanafunzi ametazama dirishani. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye cheo chake kinatokana na mabaraza yaliyoanzishwa mwaka 1986, anamjua kila mpangaji. Hao ndio maabara ya kwanza ya taifa. Watasema au watanyamaza kwa kutegemea namna askari huyo atakavyowasalimu.

Hapa lugha nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi Kiswahili kilikuwa nchini Uganda lugha ya kambi, na katika miaka ya 1970 raia wengi walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikiwa amri. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Ni juu ya askari kuonyesha kwamba lugha iliyomtisha baba inaweza kumpa pole mtoto, na kumwuliza kwa heshima: mama, uliona nini?

Kwa hiyo wajibu uko wazi. Askari wa jeshi anayefika kwanza azuie watu wasikanyage eneo la tukio, asiguse kitu, kisha amkabidhi mwenzake wa polisi. Konstebo aandike saa, mwanga, umbali na majina. Mkubwa wake ahakikishe kwamba nauli ya mpelelezi haitoki mfukoni mwa mfiwa. Na anayejua ovu lililotendwa na mwenzake aliyevaa sare akumbuke yule luteni wa Mbarara, kwamba neno lake moja lilifanya kazi ambayo kambi nzima ilikataa kuifanya.

Makindye na Kibuli vitabaki mahali pake, na Kansanga itabaki katikati. Bunduki ya Makindye ina kazi ya kulinda mipaka na amani ya taifa, na faili la Kibuli lina kazi ya kumtafuta mwenye hatia. Mzazi wa Kansanga aliyepoteza mwanawe hahitaji kusikia milio mingine ya risasi. Anahitaji siku moja aitwe mahakamani, asikie jina la aliyemwua mwanawe likisomwa, na ajue kwamba huyo ndiye.